Taa Imezima

Nangwa, Hanang
Jumapili, baada ya misa

Mpendwa kaka Nikolausi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokipata kwenye baridi ya Tunduma kimeshakuacha. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua imekuwa ya kutosha, mahindi ya Endasak yamefika magotini na maharage yameanza kutoa maua. Shemeji yako Benedict anakusalimu sana. Mwanangu Glory anauliza kila siku kama mjomba bado ana lile lori lenye honi ya kuimba. Baba na Mama nao wanakusalimu, ila salamu za Baba safari hii ni nzito, na ndiyo sababu naandika.

Najua utashangaa dada yako kuandika barua wakati simu ipo. Simu yako naijua, kaka. Unapokea huku unaendesha, unacheka, unaniambia endelea, nakusikia. Jambo hili sitaki ulisikie ukiwa na mkono mmoja kwenye usukani. Nimempa Basili, yule dereva wa basi, aje akukabidhi mwenyewe, na nimemwagiza asikupe mpaka akukute umeshuka kwenye lori. Tafuta mahali ukae, uisome mpaka mwisho, kwa sababu ni habari ya macho ya Baba, na wewe pia umo ndani yake.

Unakumbuka Baba alivyotufundisha kuendesha ile pikapu. Alitufundisha wote, hata mimi niliyekuwa msichana, na majirani walisema Mzee Agustino amechanganyikiwa. Hakuanza na usukani, alianza na sheria. Kwenye tope, mchanga na kupanda penye utelezi, unavuta ule mkono mdogo unaweka fowili, magurudumu yote manne yavute, na unaweka kabla hujakwama, siyo baada. Ukifika kwenye lami kavu unaitoa hapo hapo, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na lami haitelezi ili yasameheane, kwa hiyo gia zinaumizana huko chini. Ovadraivu, ile gia ya juu ya mwendo mwepesi, ni ya tambarare, gari likishachanganya na halina mzigo mzito, injini ipumzike. Kwenye mlima unaifunga, na kwenye mteremko unaifunga, ili injini ikusaidie kulishika gari. Nilipokosea alinishusha, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani nikizikariri. Wewe ulishushwa mara nyingi kuliko mimi, usibishe.

Na unaikumbuka ile taa ndogo ya njano kwenye dashibodi. Ile ndiyo iliyotutesa wote, kwa sababu inasema kinyume. Ikiwaka, ovadraivu imefungwa. Ikizima, ovadraivu inafanya kazi. Wewe ulisema aliyeitengeneza alikuwa amegombana na mke wake siku hiyo. Kitufe chenyewe, pale ubavuni mwa gia, kimelegea siku nyingi. Ukikigusa huwezi kujua kama kimeingia au kimetoka. Taa peke yake ndiyo inayojua. Nakukumbusha haya yote kwa sababu yaliyotupata yamo humo humo.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda Tumati, kule juu ya mlima, kwa Shangazi Marieta, mjukuu wake Violeth alikuwa anapata kipaimara. Nilikuwa nimelala nyumbani Endasak ili tutoke pamoja asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia ya kutoka nyumbani ilikuwa uji mtupu. Mama alikaa katikati, mimi dirishani. Nilimwomba tubadilishane kwa sababu analalamika siku zote kwamba ule mkono wa fowili unamgonga magoti, lakini alikataa, akasema hapo ndipo mahali pake. Baba akaweka fowili, akafunga ovadraivu, akalishusha gari kwenye lile tope vizuri kabisa, hata nikajisifia moyoni kwamba mzee bado yupo.

Tulipofika kwenye lami hakuitoa. Alikata kona ya kuelekea Dareda na fowili yake, gari likajikaza na kurukaruka kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi, matairi yakilia kwenye lami kavu. Kaka, yule mtu aliyenitembeza kwa miguu kwa kosa hilo hilo. Nilimtazama nikidhani anatania. Mama akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hapa ni pakavu, Baba Niko. Akarudisha ule mkono, akacheka, akasema alikuwa ananipima kama nimesahau. Nami nikacheka.

Hapo tukaenda tambarare yote na ile taa ya njano ikiwaka, injini ikipiga kelele wakati barabara ilikuwa nyeupe na gari halina kitu. Nilimwambia Baba kwamba ovadraivu bado imefungwa. Mama akanikatiza, akasema nimwache mzee aendeshe gari lake. Nikaacha, maana unajua nyumbani kwetu Baba hasahihishwi mara mbili katika safari moja.

Jambo jingine nililoliona ni Mama na salamu zake. Kila tuliyempita alimsalimu kwa sauti, na hakuishia kwenye salamu. Alisema yule kushoto ni Mama Tito na kuni zake, habari za huko Mama Tito. Alisema wale kulia ni ng'ombe wa kina Yonas, wanataka kuvuka, salama jamani. Watu wenyewe wasingeweza kumsikia, vioo vilikuwa juu. Nilimtania nikamuuliza kama anagombea udiwani. Hakucheka. Niliona ni uzee tu umemfanya msemaji.

Tumati tulipokelewa vizuri. Misa ilikuwa ndefu, chakula kilikuwa kingi, na Shangazi alinisema mbele ya watu kwamba nimenenepa. Tulipoaga akatupa mbuzi, na akina mama wa kwaya waliokuwa wanarudi Dareda wakaomba lifti. Baba hajawahi kumkatalia mtu lifti. Walipanda nyuma pamoja na mbuzi, wakaanza kuimba kabla hata hatujawasha gari.

Pale juu, mteremko unapoanza, Baba alisimamisha gari kama alivyotufundisha, kwamba gia inafikiriwa juu, haifikiriwi katikati. Akabonyeza kile kitufe ili afunge ovadraivu. Sasa hapa soma polepole, kaka. Ovadraivu ilikuwa imefungwa tangu asubuhi, yeye alishasahau. Alipobonyeza akawa ameifungua. Taa ya njano ikazima. Akamuuliza Mama taratibu kuna nini hapo, na Mama akatazama taa akajibu kwamba imezima.

Mama alikuwa anasema taa. Baba alisikia ovadraivu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaachia breki, tukaanza kushuka.

Mimi sikuwa naangalia, nilikuwa nafuta matope kwenye viatu. Nilichokihisi kwanza ni gari kuwa jepesi. Injini ilinyamaza, ikawa kama haimo. Baba akakanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Ukuta wa mlima ulikuwa upande wake, na upande wangu nilikuwa naona vilele vya miti chini yangu. Huko nyuma wanaimba. Kona ya kwanza tuliichukua kwa upana, ya pili kwa upana zaidi, kisha ikaja ile harufu ya breki zinazoungua, na wewe unaijua kuliko mimi. Baba alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba breki inaanza kwenda chini. Mama alianza kusali.

Nikatazama dashibodi, nikaona giza mahali ambapo pangepaswa kuwa na taa. Nilimwambia Baba ovadraivu iko wazi. Akasema hapana, Mama amemwambia imezima. Mama akasema ndiyo, taa imezima, si unaiona. Walikuwa wanabishana, kaka, wote wawili wakisema kweli, na gari linakimbia. Sikusubiri. Nilipitisha mkono juu ya mapaja ya Mama, nikabonyeza kitufe, taa ikawaka, nikavuta gia mpaka namba mbili bila kuomba ruhusa. Injini ilipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, gari likainama mbele, na mbuzi akagonga kioo cha nyuma. Nikamwambia Baba alilaze gari kwenye ukuta wa mlima. Akauliza uko wapi.

Hilo ndilo neno ambalo bado linaniamsha. Ukuta ulikuwa pale, ubavuni mwake, angeweza kutoa mkono dirishani akaushika, na yeye anauliza uko wapi. Mama akasema kulia, Baba Niko, kulia, njoo taratibu, ongeza. Akageuza usukani kwa kumfuata Mama, ubavu wa gari ukakwangua udongo, tukaserereka, tukasimama. Akina mama wa kwaya walimalizia ubeti kabla hawajatambua. Hakuna aliyeumia. Mungu ni mwema, sina neno jingine la kuliweka hapo.

Tulitokea wote upande wangu. Baba akakaa kwenye jiwe, jasho likimtoka. Nilichukua chupa ya maji, nikasimama kushoto kwake, nikamnyooshea. Hakuipokea. Nilidhani amenikasirikia kwa kushika gia yake. Nikasema Baba, maji. Akageuza kichwa chote, akaitafuta chupa kwa macho mpaka akaipata, ndipo akaishika. Nilimtazama Mama, naye akawa anatazama chini.

Tulikaa hapo mpaka breki zikapoa, kisha niliendesha mimi. Baba hakukataa. Alikaa dirishani kwangu kama mgeni. Mama ndiye aliyesema, palepale njiani, Baba akisikia. Alisema Baba haoni pembeni. Mbele anaona, tena mbali, lakini ni kama anachungulia kwenye bomba. Kilicho kulia hakipo, kilicho kushoto hakipo, na dashibodi chini pale ndiyo kabisa. Amekuwa hivyo kwa muda mrefu. Mama ndiye amekuwa akimwonea. Zile salamu zote za barabarani, kaka, hazikuwa salamu. Mama alikuwa anamwelekeza Baba njia mbele za watu bila watu kujua. Baba amewapeleka wagonjwa hospitali hivyo. Amepeleka watoto wa Jumapili kanisani hivyo, nyuma wamejaa, na huyu mama asiyejua hata kuwasha gari ndiye aliyekuwa macho yake. Nilitaka kusimama nishuke nipige kelele porini.

Nyumbani niliuliza kwa hasira. Sijawahi kusema na Baba namna ile na Mungu anisamehe. Nilimuuliza kama anajua angetuua. Akasema anajua. Nikamuuliza kama amewahi kwenda hospitali. Akasema ndiyo, alikwenda na Mama walipoaga kwamba wanakwenda kumwona mgonjwa, tena si mwaka huu. Daktari alimwambia ni presha ya macho. Haiumi, haiwashi, inakula pembeni kidogo kidogo mpaka inafika katikati, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa ya matone inazuia tu isiendelee. Matone alikuwa akiyatumia, yakiisha anakaa bila.

Nilidhani nimeshasikia la kushtua, kumbe bado. Mama alimwambia Baba amalizie. Baba akasema kwamba daktari alimwambia jambo jingine siku ile. Ugonjwa huu unatembea kwenye damu. Alimwagiza awaambie watoto wake wote wakapime, na alimsisitiza kwa sababu Baba alikuwa amemweleza kwa majivuno kwamba mtoto wake wa kwanza ni dereva wa malori ya masafa.

Hakutuambia. Alibeba maneno hayo akarudi nayo nyumbani, akayakalia. Nilimuuliza kwa nini. Akasema alijua ukipima na wakikuta kitu, tajiri wako atakushusha kwenye lori, na yeye ndiye aliyekufundisha kazi hiyo, hakuweza kukunyang'anya usukani kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona Baba akilia, hata tulipomzika Bibi. Hasira yangu haikuisha, nakwambia ukweli, haijaisha hata leo ninapoandika. Ila nilikaa karibu naye.

Asubuhi yake aliniita mbele ya Mama akanikabidhi funguo. Hakuna aliyemwomba. Alisema gari hili sasa ni la kuendeshwa na mtu mwenye ubavu wa kulia na wa kushoto. Akasema nikuandikie wewe, na kwamba nisikuambie umsamehe, nikuambie ukapime. Hiyo ndiyo salamu yake.

Mimi nimeshapima. Nilikwenda hospitali wiki iliyofuata, wakaniweka kwenye mashine, nikawa natazama mbele na kubonyeza kila nilipoona kitaa kimewaka pembeni. Macho yangu ni mazima, wamesema nirudi kila mwaka. Haiumi hata kidogo, kaka, usije ukajitetea kwa hilo.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia Baba wala Mama, na nimeshindwa kulala kwa ajili yake. Krismasi ulipokuja, tulikuwa tumekaa uani, nikakuletea chai. Nilisimama kushoto kwako nikakunyooshea kikombe. Ulikuwa unaongea na Benedict. Nilisema shika, ukainua mkono bila kugeuka, ukakigonga, chai ikakumwagikia yote kwenye suruali yako mpya. Tulikucheka mpaka machozi. Benedict alisema umeshalewa, na wewe ulikubali ukacheka na sisi, lakini ulikuwa hujanywa kitu, nilijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa chumba cha vinywaji. Siku ile pale mlimani, Baba alipoitafuta ile chupa, sikumwona Baba peke yake.

Huenda nakosea. Naomba Mungu niwe nimekosea, unicheke maisha yako yote. Lakini kabla hujapanda kwenye lori, mwambie mwenzako mnayepokezana usukani akae mbele yako. Ziba jicho moja, mtazame puani, usigeuze jingine. Yeye anyooshe mkono mbali pembeni, acheze vidole, auingize taratibu. Mwambie lini umeviona, na aseme kweli kama umechelewa. Kisha zibua, ziba la pili. Hicho si kipimo, ni cha kukufanya uogope uende hospitali. Ukichelewa hata jicho moja, mpe yeye funguo, panda basi la Basili, urudi nyumbani. Kazi tutaitafuta nyingine. Shamba lipo, na pikapu ipo.

Naomba jibu lako lisiwe la kunituliza. Niandikie ulichokiona na usichokiona. Mfikishie wifi yangu Paskalina salamu zangu, na barua hii mwache aisome, usimfiche kama Baba alivyotuficha. Mama anakusalimu tena, anasema kula vizuri na ujifunike. Mungu akutunze huko barabarani, na awatunze wanaotembea kandokando yake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hilaria Agustino